Kuchagua mfumo endeshi huria kwa seva ya ofisi ndogo

Swali linaloulizwa kwanza huwa "Ubuntu au Debian?", yaani mifumo miwili ya familia ya Linux, na ndilo linalofaa kuulizwa mwisho. Kabla yake yapo matatu: programu ya biashara inataka nini, mashine uliyonayo inabeba nini, na mfumo huo utapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani. Ukishayajibu hayo, mara nyingi jina la mfumo linabaki moja tu.

Mwongozo huu ni wa ofisi yenye watu 5 hadi 15: duka la jumla, zahanati, ofisi ya wahasibu, shule. Seva ni moja, pengine kompyuta ya mezani iliyotumika, umeme unakatika, na intaneti ni ya bando au faiba ambayo haikawii kupotea.

Hatua ya 1: Andika kazi za seva kwenye karatasi

Orodhesha kila kitu seva itakachofanya: folda za pamoja, programu ya mauzo, hifadhidata, printa, nakala rudufu. Kisha mpigie simu aliyewauzia programu ya mauzo au uhasibu, umuulize mambo matatu: wameijaribu kwenye mfumo gani na toleo gani, inatumia hifadhidata gani, na ikikwama saa nane mchana nani anakuja. Jibu la "inafanya kazi Linux yoyote" lisikuridhishe. Taka namba ya toleo.

Hapa ndipo wengi huteleza. Programu nyingi za mauzo zinategemea Microsoft SQL Server. Tangu toleo la 2017 hifadhidata hiyo inaendeshwa pia kwenye Linux, ila Microsoft inaihudumia kwenye mifumo iliyoitaja tu; Red Hat na Ubuntu zimo, Debian haimo. Aliyekwisha kusakinisha Debian anabaki ama kuanza upya au kulazimisha vifurushi vya Ubuntu viingie kwenye Debian. Vitaingia, na siku ya sasisho kubwa vitagoma.

Programu ikiwa ni ya Windows pekee, usijidanganye kwamba utaipitisha kwa Wine (inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux) kwenye seva ya biashara. Njia ya kweli ni kuweka Proxmox VE, ambayo msingi wake ni Debian, na ndani yake kuendesha Windows kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta halisi. Leseni ya Windows bado utailipia. Unachopata ni kwamba Windows nzima inakuwa faili unaloweza kulinakili usiku na kulirudisha asubuhi ikiharibika.

Hatua ya 2: Pima mashine

Kwa folda za pamoja tu, RAM ya GB 4 inatosha. Ukiongeza hifadhidata na programu ya ofisi, anzia GB 8. Kwa Proxmox yenye Windows moja ndani, chini ya GB 16 utajuta.

Washa mashine kwa flashi yenye Linux ya kujaribia bila kusakinisha, fungua terminali, uangalie:

    grep -c avx2 /proc/cpuinfo
    lspci -nnk
    sudo smartctl -a /dev/sda

Amri ya kwanza ikirudisha 0, prosesa yako haina AVX2 (seti ya maagizo ya prosesa za kisasa), hivyo Red Hat 10 na Rocky Linux 10 haziwezi kuwaka humo. AVX2 ilianza kwenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 4, mwaka 2013, lakini Pentium na Celeron za kizazi hichohicho hazinayo, kwa hiyo usiamini stika iliyobandikwa kwenye boksi. AlmaLinux 10 ina toleo la pembeni kwa prosesa za zamani. Debian na Ubuntu hazina sharti hilo. Kama mashine ni ya biti 32, itafutie kazi nyingine. Debian 13 haina tena kisakinishi cha mashine hizo.

Amri ya pili inaonyesha kadi ya mtandao na draiva yake. Kadi za Realtek nyingi huhitaji fimuweya (programu ndogo ya kuendesha kifaa) isiyo huria. Tangu Debian 12, fimuweya hiyo imo ndani ya kisakinishi rasmi, kwa hiyo maelekezo ya zamani ya kutafuta flashi ya pili yamepitwa na wakati.

Amri ya tatu inasoma afya ya diski. Tazama mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba yoyote zaidi ya 0 kwenye mstari wa pili, diski hiyo isiguse data za biashara. Na kwa jumla, kompyuta iliyotumika nunua, diski zilizotumika usinunue. Nunua mbili mpya za ukubwa mmoja.

Badilisha pia betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi mama. Ikiwa imekufa, kila umeme unapokatika saa ya mashine inarudi nyuma miaka kadhaa. Vyeti vya usalama vinakataliwa, na `apt`, amri ya kusakinisha programu kwenye Debian na Ubuntu, inalalamika kwamba faili la Release bado halijaanza kutumika. Fundi asiyejua hilo anaweza kulaumu intaneti siku nzima, kumbe dawa ni betri ya bei ya soda.

Hatua ya 3: Hesabu miaka

Mfumo huria hauna ankara, lakini una tarehe ya mwisho. Ikipita, mashimo ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena, na gharama inakuja kwa mkupuo: kusakinisha upya, kuhamisha data, kuifunga ofisi siku moja au mbili.

CentOS 8 ilitoka Septemba 2019 na watu wakaiwekea hesabu hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 ikatangazwa kwamba mwisho wake ni 31 Desemba 2021. Ofisi nyingi zilizokuwa zimeichagua kwa sababu ya umri mrefu zikajikuta na mwaka mmoja tu. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kuziba pengo hilo. CentOS 7 nayo ilifikia mwisho 30 Juni 2024, ila bado utaikuta ikiendesha mauzo kwenye kabati la mtu.

Hesabu za sasa ni hizi. Debian 13 ilitoka 9 Agosti 2025. Ina miaka 3 ya huduma kamili na 2 ya LTS (huduma ya muda mrefu), hadi 2030. Ubuntu 24.04 LTS ina miaka 5, hadi 2029, na ukijiandikisha Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mashine hadi 5, inafika miaka 10. AlmaLinux 9 na Rocky 9 zinafika 2032.

Usisakinishe toleo lililobakiza chini ya miaka 3. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, kwa hiyo data zako zitaishi kuliko toleo utakaloweka leo. Panga tangu sasa namna ya kupanda toleo. Debian hupanda ngazi moja kwa wakati, kutoka 12 kwenda 13 bila kuruka. Ubuntu LTS hupanda kwenda LTS inayofuata, na haikupi njia hiyo hadi sasisho la kwanza la toleo jipya litoke, yaani .1. Rocky inashauri kusakinisha upya badala ya kupanda.

Hatua ya 4: Amua

Kama muuza programu hajataja mfumo, weka Debian. Ni nyepesi, haikuletei matangazo ya huduma za kulipia, na amri unazojifunza leo zitafaa miaka mitano ijayo. Ofisi ya folda za pamoja, hifadhidata ya PostgreSQL na printa mbili haihitaji zaidi ya hapo.

Weka Ubuntu Server LTS, na si yale matoleo ya miezi 9, kama programu yako imeandikiwa Ubuntu, kama unataka ile miaka 10, au kama mafundi wa mji wako ndiyo wanayoijua. Hoja hii ya mwisho haipewi uzito inaostahili. Mfumo mzuri ambao hakuna mtu ndani ya kilomita 50 anayeufahamu ni mfumo mbaya kwa duka. Ubuntu ina ubora mwingine wa kiufundi kuhusu diski mbili, nitaueleza kwenye hatua ya 6.

AlmaLinux au Rocky zinafaa pale programu imethibitishwa kwa Red Hat. Jiandae kukutana na SELinux, ulinzi wa ndani unaoamua programu ipi iguse faili lipi. Folda ya pamoja uliyoiweka `/srv/ofisi` itaonekana kwenye mtandao lakini haitafunguka, na mtandaoni utashauriwa uizime SELinux. Usiizime, ipe folda lebo yake:

    semanage fcontext -a -t samba_share_t "/srv/ofisi(/.*)?"
    restorecon -Rv /srv/ofisi

Kazi ikiwa ni kuhifadhi mafaili tu na hakuna fundi wa kudumu, TrueNAS inaendeshwa kwa kivinjari na inatumia ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski ambao hugundua faili linapoharibika kimyakimya. Inataka RAM ya GB 8 kwenda juu, na diski inayowashia mfumo haiwezi kuwekwa data, kwa hiyo bajeti diski tatu. OpenMediaVault, iliyojengwa juu ya Debian, inaridhika na mashine dhaifu zaidi.

FreeBSD ni imara na ZFS yake ni ya ndani kabisa. Kwa ofisi ndogo ya kwetu siipendekezi, kwa sababu moja tu: jaribu kumtafuta fundi wake Jumamosi.

Kuhusu Proxmox, ukimaliza kuisakinisha `apt update` itatoa kosa la 401. Hujaharibu kitu. Inakuja ikiwa imeelekezwa kwenye hazina ya wanaolipia. Izime hiyo, uwashe hazina ya no-subscription.

Hatua ya 5: Pakua na uhakiki

Faili la netinst la Debian halifiki GB 1, lakini linaendelea kupakua wakati wa kusakinisha. Intaneti ikiwa ya kusuasua, tafuta mahali penye Wi-Fi nzuri upakue DVD-1 badala yake. Faili la Ubuntu Server ni karibu GB 3, na usakinishaji wake unaweza kukamilika bila mtandao.

Baada ya kupakua, linganisha namba ya `sha256sum` (alama ya kutambulisha faili) na ile iliyo kwenye tovuti ya mradi. Upakuaji uliokatika na kuunganishwa hutoa faili linaloanza vizuri na kufa katikati ya usakinishaji kwa kosa lisiloeleweka. Kisha andika flashi, ukihakikisha kwa `lsblk` kwamba `sdX` ni flashi kweli, maana amri hii haina huruma:

    sudo dd if=debian.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Kwenye Windows tumia Rufus; flashi ikikataa kuwaka, rudia kwa kuchagua hali ya DD.

Hatua ya 6: Sakinisha

Kwenye BIOS, tafuta kipengele cha umeme ukirudi na uweke mashine iwake yenyewe. Bila hivyo, umeme ukikatika usiku, asubuhi wa kwanza kufika ofisini atakuta seva imelala.

Kisakinishi cha Debian kitakuomba nywila ya root. Iache tupu. Ukiiacha tupu, mtumiaji wa kwanza anapewa `sudo`. Ukiijaza, `sudo` haiwekwi na maelekezo mengi utakayosoma baadaye hayatafanya kazi. Kwenye orodha ya programu ondoa alama kwenye GNOME, weka alama kwenye SSH server (ya kuingia kwenye seva kutoka kompyuta nyingine) na standard system utilities tu. Seva haina haja ya dawati lenye picha.

Sasa diski. Kwa mbili za TB 1, kwenye kila moja tengeneza patisheni ya EFI (sehemu inayowashia mashine) ya GB 1, iliyobaki yote iwe ya RAID. Unganisha hizo mbili kuwa RAID 1 (kila diski inabeba nakala ya mwenzake), juu yake weka LVM (inayogawa nafasi ya diski), kisha gawa: GB 60 za `/` (mfumo wenyewe), GB 8 za swap (akiba ya RAM kwenye diski), iliyobaki `/srv`. Data zikikaa peke yake kwenye `/srv`, siku mtu akijaza folda kwa video za harusi mfumo wenyewe hausimami.

Lipo shimo hapa ambalo watu hulikuta siku mbaya. RAID ya Debian hainakili patisheni ya EFI. Kisakinishi kinaandika kiwashio kwenye diski ya kwanza tu. Diski hiyo ikifa, data zako ziko salama kwenye ya pili, lakini mashine haiwaki. Baada ya kusakinisha, jaza ya pili kwa mkono:

    sudo apt install rsync efibootmgr
    sudo mkdir /mnt/efi2
    sudo mount /dev/sdb1 /mnt/efi2
    sudo rsync -a /boot/efi/ /mnt/efi2/
    sudo efibootmgr -c -d /dev/sdb -p 1 -L "debian-2" -l '\EFI\debian\shimx64.efi'

Patisheni ya pili ikikataa kufunguka, haijapewa umbo (format). Ipe kwa `sudo mkfs.vfat -F 32 /dev/sdb1` (hakikisha ndiyo yenyewe) kisha urudie. Rudia `rsync` kila GRUB, yaani kile kiwashio, inaposasishwa. Kisakinishi cha Ubuntu Server kinakuruhusu kutaja diski zote mbili kuwa za kuwashia, na kinashughulikia zote. Huo ndio ubora niliousema.

Ubuntu nayo ina kituko chake. Ukikubali mpangilio wake wa LVM kwenye diski inayozidi GB 200, inakupa GB 100 tu za `/` na zilizobaki zinaachwa bila mwenyewe. Miezi kadhaa baadaye `df` inasema diski imejaa wakati umenunua TB 1. Dawa ipo:

    sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Kabla ya kuweka data hata moja, zima mashine, chomoa diski ya kwanza, iwashe. Ikiwaka, izime, rudisha diski, iwashe tena, iunganishe upya kwa `mdadm --add`, na ufuatilie kwa `cat /proc/mdstat` mpaka uone `[UU]`.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza ya kazi

Ipe seva anwani ya IP isiyobadilika, ukiitenga pia kwenye ruta isije ikapewa simu ya mtu. Weka saa: `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, au Nairobi, au Kampala; zote ni saa 3 mbele ya UTC. Washa faiawoli kwa mpangilio huu hasa, kwa sababu ukianza na wa mwisho ukiwa umeingia kwa SSH, unaweza kujifungia nje:

    sudo apt install ufw
    sudo ufw allow OpenSSH
    sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba
    sudo ufw enable

Badilisha 192.168.1.0 kulingana na mtandao wako. Kama `ufw` haijui jina la Samba (programu inayogawa folda za pamoja), fungua milango 139 na 445 ya TCP.

Sakinisha `unattended-upgrades` ili masasisho ya usalama yaingie yenyewe. Ofisi inayotumia bando iwekee kikomo, ili masasisho yasinyonye mtandao wakati wateja wako kaunta. Andika mstari huu kwenye `/etc/apt/apt.conf.d/75bando`, namba ni kilobaiti kwa sekunde:

    Acquire::http::Dl-Limit "200";

Keneli (kiini cha Linux) mpya haianzi kazi mpaka mashine iwashwe upya. Panga mara moja kwa mwezi, ofisi ikishafungwa.

Kwenye Samba, mpe kila mfanyakazi jina na nywila yake kwa `smbpasswd -a`, waweke wote kwenye kundi moja, na folda iwe `chmod 2770` ili faili jipya lirithi kundi. Acha ile njia ya mkato ya `guest ok = yes`. Windows 11 ya toleo la 24H2 kwenye kompyuta za Pro inakataa kuingia kama mgeni, na kila kompyuta mpya ofisini itakuwa kesi. Kagua maandishi yako kwa `testparm` kabla ya kuiwasha upya huduma.

UPS isiyo na waya wa USB haiwezi kuiambia seva kwamba betri inaisha. Inachelewesha tu kifo. Nunua yenye USB, sakinisha `nut` au `apcupsd`, uipange seva ijizime yenyewe betri ikishuka. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hiyo, inavuta umeme mwingi kwa mpigo inapopasha moto.

Usifungue milango ya ruta ili uifikie seva ukiwa nyumbani. Tumia WireGuard, inayokupa njia iliyofichwa kupitia intaneti.

Hatua ya 8: Nakala rudufu, kabla ya kukabidhi

RAID inakuokoa diski ikifa. Kirusi cha Windows kikifunga mafaili ya folda ya pamoja, RAID inayafunga kwenye diski zote mbili kwa sekunde ileile. Tumia `restic` kwenye diski mbili za USB zinazopokezana, moja ikilala nje ya ofisi. Hifadhidata itoe kwanza kwa `pg_dump` au `mariadb-dump`. Ukinakili mafaili yake ikiwa inafanya kazi, unapata nakala isiyofunguka.

    pg_dump -Fc mauzo > /srv/nakala/mauzo.dump
    restic -r /mnt/usb backup /srv
    restic -r /mnt/usb forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune

Kabla ya yote, `restic init` itakuomba nywila. Ikipotea, nakala zimepotea. Iandike kwenye karatasi ikae na hati za biashara. Kisha jaribu kurudisha:

    restic -r /mnt/usb restore latest --target /srv/jaribio

Usirudishie kwenye `/tmp`. Kwenye Debian 13, `/tmp` inakaa ndani ya RAM, na nakala ya GB 40 itaijaza kabla hujamaliza chai. Fungua mafaili mawili matatu, rudisha hifadhidata kwa jina lingine, ulinganishe jumla ya mauzo ya jana na karatasi.

Mwisho, chukua stika, ubandike ubavuni mwa boksi: jina la mfumo na toleo, anwani ya IP, tarehe uliyosakinisha, na mwezi ambao masasisho yatakoma. Mwezi huo, ukiutoa miezi 6, uandike pia kwenye kalenda ya anayeshika fedha, maana yeye ndiye atakayeulizwa hela ya diski mpya.